Ninaandaliwa upasuaji wa fistula ya mkono ili nisafishwe damu: naomba uzoefu wa waliotangulia

Mwalimu wa Mlimani (Morogoro) anauliza:

Ndugu zangu, wakubwa nawaamkia shikamoo, na wa rika langu nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 34. Figo zangu zilishindwa kufanya kazi kutokana na shinikizo la damu ambalo nadhani lilinianza wakati wa ujauzito wa mtoto wangu wa pili, nami sikulijua hadi nilipovimba miguu na kukosa pumzi. Kwa miezi mitano sasa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4, kupitia mrija uliopitishwa shingoni upande wa kulia na kutokezea kifuani. Mrija huo umeniokoa na siwezi kuukufuru, lakini mwezi uliopita uliingiwa na bakteria. Nilishikwa na homa na kutetemeka nikiwa bado kwenye mashine, nikalazwa siku kumi nikichomwa dawa. Daktari bingwa wa figo alinieleza kwamba mrija ni daraja la kuvukia tu, na kwamba sasa inafaa nifanyiwe upasuaji wa kuunganisha mishipa miwili ya mkono wa kushoto, yaani fistula, ili baada ya wiki kadhaa nianze kuchomwa sindano hapo. Tarehe imekwisha kupangwa na imebaki chini ya wiki mbili.

Naomba niiseme hofu yangu kama ilivyo. Katika chumba tunachosafishiwa yupo mzee ambaye kiti chake kipo dirishani. Mkono wake una vinundu kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na kifundo, na mshipa umevimba na kujipinda chini ya ngozi kama mzizi wa mwembe uliokosa udongo wa kujificha. Wauguzi wanapomchoma, mimi hugeukia ukutani. Sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, na naona aibu kukiri kwamba sababu ni mkono wake. Tangu nilipoambiwa kuhusu upasuaji, kila nikiutazama mkono wangu wa kushoto nauona ule wake.

Hofu ya pili imetoka nyumbani. Nilipotamka neno fistula, shangazi zangu walinyamaza, kisha mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkojo unanivuja, maana kwetu neno hilo linajulikana kwa akina mama walioumia wakati wa kujifungua. Nilieleza, lakini nadhani habari ilikwisha kutoka nje ya ua kabla sijamaliza kueleza. Baba mdogo naye anasisitiza kwamba mkono utapooza, na kwamba anamfahamu mtu aliyekatwa mishipa kisha akashindwa hata kushika kikombe.

Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hubebwa upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio wa kazi. Ninasimama kwenye daladala nikishikilia chuma. Ninaandika ubaoni. Naomba waliopitia wanieleze maumivu ya upasuaji yalikuwaje, mkono unatumikaje baada ya hapo, na zaidi ya yote siku ya kwanza ya sindano ilikuwaje, kwa sababu nimesikia kwamba ni nene na kwamba huchomwa mbili. Msinifiche jambo kwa kunihurumia. Nikijua ukubwa wa kitu, hukikabili vizuri zaidi kuliko nikikikisia usiku.

Babu wa Kiti cha Tano (Dodoma) anajibu:

Marahaba mwanangu. Mimi nina miaka saba kwenye mashine, na miaka sita na ushei kati ya hiyo nimetumia fistula moja ya mkono wa kushoto. Nilikuwa fundi seremala, kwa hiyo nami niliuhofia mkono kama unavyouhofia wewe.

Nianze na upasuaji, maana huo ndio mwepesi. Hutalazwa usingizi, isipokuwa kama daktari ana sababu yake. Kwa kawaida sehemu inayopasuliwa huchomwa ganzi, nawe unakuwa macho, unasikia mazungumzo yao na mlio wa vyombo. Sindano ya ganzi inauma kama kung'atwa na siafu kadhaa kwa pamoja, kisha mahali hapo panakufa. Nilihisi kuvutwa na kusukumwa, lakini sikuhisi kukatwa. Kwangu ilichukua kama saa moja na nusu, kidonda kikawa na urefu usiozidi kidole cha shahada, na jioni nilirudi nyumbani mkono ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Usiku ganzi ilipoisha niliumia, nikameza dawa waliyonipa, nikalala. Siku ya pili niliweka vidole juu ya kidonda kama nilivyofundishwa, nikahisi kitu kinatetemeka chini ya ngozi mfululizo, kama paka anayekoroma ukimwekea mkono mgongoni. Mtetemo huo ndio uhai wa fistula. Jifunze kuutafuta kila asubuhi kabla hujatoka kitandani, na kila usiku kabla hujalala.

Sasa nizungumzie huyo mzee wa dirishani, kwa sababu naona yeye ndiye aliyeshika barua yako. Vile vinundu si ugonjwa wa kuambukiza, wala si lazima vikupate kama vilivyompata yeye. Wengi wetu tuliotangulia tulichomwa mahali palepale miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ngozi ya hapo inakufa ganzi na sindano haiumi. Mgonjwa mwenyewe humwomba muuguzi achome hapohapo. Lakini ukuta wa mshipa unachoka, unalegea, na kuvimba. Siku hizi wanahimizwa kuhamisha sindano hatua kwa hatua juu ya urefu wa mshipa. Mimi nina kinundu kimoja tu, na kilitokana na mwaka wa kwanza nilipokuwa mkaidi.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya upasuaji. Siku yako ijayo, mwendee huyo mzee, mwamkie, mweleze kwamba unaandaliwa fistula, kisha mwombe ruhusa uweke kiganja chako juu ya mkono wake. Hatakataa. Tuliokaa miaka mingi katika viti hivi tunajua watu wanavyotukwepa kwa macho, na anayeomba kugusa hutufurahisha kuliko anayetupa pole. Mkono ule umemtunza hai kwa miaka usiyoijua. Muulize ni mingapi.

Nassoro wa Kisauni (Mombasa) anajibu:

Dada Mwalimu, umesema usifichwe, basi nitakueleza siku yangu ya kwanza ya sindano, ambayo haikwenda vizuri, kwa sababu naamini ningeliambiwa mapema nisingeliogopa nilivyoogopa.

Fistula yangu ilikuwa na wiki saba. Muuguzi alichoma sindano ya kwanza vizuri, ya pili ikapenya mshipa upande wa pili, na damu ikamwagikia chini ya ngozi. Mkono ulivimba mbele ya macho yangu kama andazi kwenye mafuta. Nililia, na sikuona haya. Waliitoa sindano, wakabana kwa pamba, wakaniwekea barafu iliyofungwa kitambaa, wakanisafisha siku hiyo kwa mrija wa shingoni ambao kwa bahati walikuwa hawajautoa. Kesho yake mkono ulikuwa mweusi na zambarau hadi kwenye kwapa, kisha ukawa wa kijani, kisha manjano, na baada ya wiki mbili na nusu ulikuwa mkono wangu tena. Mtetemo haukupotea hata siku moja. Tulipoanza upya, walitumia sindano moja nyembamba kwenye fistula na kurudisha damu kwa mrija, tukaenda hivyo kwa wiki moja, kisha wakaingia zote mbili. Ni miaka minne sasa.

Nakueleza haya ili, likikupata, ujue kwamba ni tukio linalofahamika, lina utaratibu wake, na haimaanishi kwamba fistula imekufa. Kilichonivunja moyo siku ile si maumivu. Ni kwamba nilidhani nimeharibikiwa peke yangu. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili alinyanyua mkono wake usio na sindano, akaniambia, "Nami wangu ulikuwa hivyo, Nassoro, tazama sasa." Hakuongeza neno. Nimeyasikia maelezo mengi ya kitaalamu tangu siku hiyo, na yote yananifaa, lakini sikupata lililonishika kama hilo.

Kuhusu maumivu yenyewe: ukichomwa bila dawa, inauma kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha inatulia, na saa zote 4 zinazobaki husikii kitu isipokuwa ukiukunja mkono. Ipo dawa ya kupaka yenye ganzi, ambayo hupakwa ngozini yapata saa moja kabla ya sindano na kufunikwa. Mimi niliitumia kwa miezi mitatu ya mwanzo. Nilipoanza kuzoea, niliiacha kwa sababu ya gharama yake. Uliza kama ipo katika duka la dawa la hospitali yako, na usikubali mtu akuambie kwamba kuiomba ni udhaifu.

Muuguzi Mstaafu (Moshi) anajibu:

Mwalimu, nimefanya kazi katika vitengo vya kusafisha damu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa kuongeza machache juu ya yale waliyosema wagonjwa wenzako, ambayo kwa sehemu kubwa ni sahihi.

Kwanza uelewe kwa nini jambo hili linafanyika, maana mtu akielewa sababu huacha kuona kwamba anaharibiwa. Mashine inahitaji kuvuta takribani mililita 300 za damu kila dakika. Ukipiga hesabu, kwa saa 4 ni lita 72, na mtu mzima ana wastani wa lita tano tu za damu. Maana yake ni kwamba damu yako yote huzunguka ndani ya kichujio mara nyingi kwa siku moja. Vena ya kawaida, ile inayorudisha damu kwenye moyo polepole, haiwezi kutoa kiasi hicho. Ateri, ile inayopeleka damu kutoka kwenye moyo, inaweza, lakini imejificha ndani na kuichoma mara kwa mara ni hatari. Kwa hiyo daktari anaunganisha ateri na vena, damu yenye nguvu inaingia kwenye vena, na vena inaitikia kwa kutanuka na kunenepa ukuta wake. Kazi hiyo inaitwa kukomaa, na huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine miezi mitatu au zaidi. Kabla ya kuruhusu sindano, wataalamu hutaka kuona mshipa wenye upana wa kama milimita 6, usiozama sana chini ya ngozi, na unaopitisha damu ya kutosha.

Kabla ya njia hii kugunduliwa hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner na wenzake waliweka mirija ya plastiki kwenye ateri na vena ya mkono, ikabaki nje ya ngozi mchana na usiku. Mgonjwa wao wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 kwa kusafishwa damu, wakati ambapo wenye hali yake walikuwa wakifa ndani ya wiki chache. Mirija ile iliganda damu na kuota usaha mara kwa mara. Mwaka 1966, James Cimino na Michael Brescia wa New York, pamoja na daktari wa upasuaji Kenneth Appel, walitangaza njia ya kutumia mishipa ya mgonjwa mwenyewe, ikiwa yote chini ya ngozi yake. Unachokwenda kufanyiwa ndicho hicho. Hakuna kitu kigeni kinachobaki ndani yako, na ndiyo sababu bakteria hawapati mlango kama walivyoupata kwenye mrija.

Mkono wako hautapooza kwa sababu ya fistula. Namheshimu baba yako mdogo, na huenda kweli alimwona mtu mwenye shida, kwa sababu ipo hali isiyotokea kwa wengi ambapo damu inayopita kwenye fistula inaupunguzia mkono sehemu yake. Vidole vinakuwa baridi, vinafifia rangi, vinakufa ganzi na kuuma, hasa wakati wa kusafishwa. Ubaridi kidogo siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Maumivu makali, vidole kugeuka rangi au kushindwa kuvisogeza si kawaida, na hapo unapaswa kurudi kwa daktari siku hiyohiyo, maana hali hiyo inatibika ikiwahi.

Kuanzia leo, hata kabla ya upasuaji, mkono wa kushoto usichomwe sindano yoyote ya kutoa damu wala ya dripu. Nawasihi wote wanaosoma hapa na ambao wameambiwa figo zao zinadhoofika walizingatie hili, kwa sababu nimeona wagonjwa wengi wakifika kwa daktari wa upasuaji mishipa yao ikiwa imekwisha kuharibiwa wodini. Baada ya upasuaji, usipimwe shinikizo la damu mkono huo, usivae bangili wala saa ya kubana, usiulalie, na usining'inize mkoba kwenye kiwiko. Mtu yeyote akitaka kuuchanja chale au kuusugua dawa kwa nia njema, mshukuru na umkatalie. Kidonda kikipona, daktari atakuruhusu kufinya mpira laini mara kadhaa kwa siku. Soksi iliyokunjwa inatosha. Mtoto usimbebe upande huo hadi kidonda kikauke kabisa, na hata baadaye kichwa chake kisilale juu ya mshipa kwa muda mrefu. Kwenye daladala shikilia kwa mkono wa kulia. Ubao unaandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kazi yako haitaguswa.

Siku mtetemo ukitoweka, usisubiri zamu yako ya kusafishwa. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kuondolewa ikiwahiwa, na ikichelewa fistula imekwenda. Na kama siku moja itavuja damu nyumbani, bana kwa nguvu kwa vidole juu ya tundu lenyewe, inua mkono, na utafute msaada bila kuachia. Kila mtu wa nyumbani kwako afundishwe hilo, hata mtoto mkubwa.

Mama wa Chumbageni (Tanga) anajibu:

Mdogo wangu, mengi yamesemwa, mimi nina mawili.

Kuhusu jina, niliteseka kama wewe. Nilifika mahali nikaacha kulitumia. Nyumbani nasema "mshipa wangu wa mashine", na kila mtu anaelewa. Ila nitasema kitu ambacho nilichelewa kukifikiri: wale akina mama wenye fistula ya uzazi nao ni wagonjwa wenzetu, wametibiwa wengi na wamepona wengi, na ile haraka yangu ya kusema "mimi sina ile, mimi nina hii" ilikuwa inawaongezea aibu wao. Nikiulizwa siku hizi nafafanua bila kuruka kama niliyekanyaga moto.

La pili, mimi nilikataa upasuaji kwa mwaka mzima kwa sababu ya kuogopa mkono kuharibika sura. Katika mwaka huo nilibadilishiwa mrija mara tatu, shingoni kulia, shingoni kushoto, na pajani. Mishipa mikubwa ya kifua ilipata makovu na kuwa myembamba, na nilipokubali hatimaye, fistula ya kwanza haikukomaa. Ya pili, juu ya kiwiko, ndiyo ninayotumia. Sisemi haya kukutisha. Umeuliza mapema kuliko mimi, na tarehe unayo. Nguo za mikono mirefu zenye nafasi zinafunika vizuri, na fundi wangu hunishonea mkono wa kushoto ukiwa na vifungo hadi juu ya kiwiko ili muuguzi aufungue bila mimi kuvua. Mpelekee fundi wako kitambaa sasa, uwe na moja tayari.

Mwalimu wa Mlimani anaandika tena:

Nimesoma kila neno, na mengine nimeyasoma mara mbili nikiwa kwenye mashine. Asanteni sana.

Nilimwendea yule mzee. Nilikuwa nimejipanga maneno, lakini nilipofika yaliniponyoka, nikamwambia tu kwamba wananiandaa mkono na kwamba naogopa. Aliniangalia, akakunja mkono wa shati, akasema, "Weka hapa, mwanangu, usibonyeze." Ngozi yake ni ya moto kuliko nilivyodhani, na chini yake pana nguvu inayokwenda bila kupumzika, kama maji yanayopita ndani ya bomba. Nilikaa na kiganja pale hadi muuguzi aliponiita. Nilimuuliza miaka. Ni miaka tisa, na katika miaka hiyo amewaoza mabinti wake wawili.

Upasuaji ulifanyika juzi, karibu na kifundo. Ilikuwa kama alivyoeleza Babu, isipokuwa mimi nilisikia baridi kali chumbani na nikatetemeka hadi wakanifunika blanketi la pili. Mtetemo upo. Nauliza jambo moja tu: kidole cha pete na kidogo ni baridi ukilinganisha na vya mkono wa kulia, ingawa vina rangi yake na navisogeza. Je, nisubiri?

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Kwa maelezo hayo, vikiwa na rangi yake, vikisogea na haviumi, ni ubaridi wa siku za mwanzo. Vaa soksi ya mkono isiyobana na uvilinganishe asubuhi na jioni. Hata hivyo, mimi sijauona mkono wako. Kesho ni siku yako ya kusafishwa, kwa hiyo mwonyeshe muuguzi wa zamu na umwombe amwite daktari auangalie. Maumivu yakianza usiku huu, usingoje kesho.

Nassoro wa Kisauni anajibu:

Wangu ulikuwa baridi kwa wiki tatu, kisha ukaacha. Lakini mfuate Bi Muuguzi, mwonyeshe daktari. Na dada, jitahidi usipandishe maji mengi kati ya siku na siku, kwa sababu mashine ikilazimika kutoa maji mengi kwa mara moja, shinikizo linashuka ghafla, na fistula changa hupenda kuganda wakati kama huo. Mimi hunyonya kipande cha barafu badala ya kunywa glasi.

Mwalimu wa Mlimani anaandika tena, baada ya wiki tisa:

Nawaandikia kama nilivyoahidi moyoni.

Vidole vilipata joto katika wiki ya pili. Daktari aliviangalia na kuridhika. Wiki ya nane walinipima kwa ultrasaundi wakasema mshipa umefikia upana unaotakiwa, ila sehemu moja karibu na katikati ya mkono imezama kidogo, kwa hiyo wauguzi wamechorewa mahali pa kuepuka. Jumatatu ya wiki hii nilichomwa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimepaka dawa ya ganzi saa moja kabla, kama alivyoshauri Nassoro.

Mzee wa dirishani alimwomba muuguzi wabadilishane viti na kijana aliyekuwa karibu yangu. Hakunishika mkono wala hakunipa maneno mengi. Alichomwa yeye kwanza, akanitaka nitazame, nami kwa mara ya kwanza sikugeukia ukutani. Sindano ikaingia, akaendelea kunieleza kuhusu shamba lake la mihogo. Kisha wakaja kwangu. Ya kwanza niliihisi kama msukumo mzito kuliko maumivu. Ya pili iliuma, niliuma mdomo, nikahesabu, na nilipofika nne ilikuwa imekwisha. Walianza na mwendo wa mililita 200 kwa dakika, mashine ikalia mara mbili kwa sababu nilikunja mkono bila kujua, wakarekebisha. Walipotoa sindano nilibana mwenyewe kwa vidole viwili kwa dakika kumi, mtetemo ukipita chini ya vidole vyangu.

Jumatano tumerudia bila tatizo. Sehemu moja imevilia damu kama sarafu ya shilingi 200, nimeiwekea barafu. Muuguzi mkuu amesema tukienda hivi kwa zamu nyingine kadhaa, mrija wa kifuani utatolewa. Tangu ulipowekwa sijawahi kumwaga maji kichwani yakashuka mabegani. Nimekuwa nikijifuta kwa kitambaa, na nywele nasukwa kavu. Ndoo nimekwisha kuinunua. Msusi wangu nimemwambia asipange mteja mwingine siku hiyo.

Shuleni, darasa la nne, mtoto mmoja aliweka sikio kwenye mkono wangu nilipokuwa nimeinama kusahihisha daftari lake, akaniuliza ndani mna nini kinachovuma. Nilimruhusu aguse, kisha wakapanga foleni wote 46.

Babu wa Kiti cha Tano anajibu:

Alhamdulillahi, mwanangu. Msalimie mzee mwenzangu wa dirishani, umwambie kiti cha tano cha Dodoma kinauliza hali ya mihogo. Na sindano ya zamu ijayo, mwambie muuguzi aisogeze mbali kidogo na lile tundu la Jumatano.